Pole ya Kujipa

Arobaini na moja kwa arobaini.
Mpira ulizunguka mdomo wa pete mara moja, mara mbili,
ukachungulia ndani kama mgeni asiyeamini kakaribishwa,
ukatoka.

Filimbi. Wasichana wa Korogwe wakakumbatiana.
Kocha Semkiwa alinitazama viatu, usoni hakufika.
Shangazi akapaza sauti isikike mpaka Chumbageni:
"Pete ya kidoleni imemshinda, na ya kwenye nguzo nayo!"
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
nimeshazoea kumsaidia anayenipiga.

Nikaendesha baiskeli kurudi Makorora,
goti likilia kuliko mnyororo,
kila pedeli na tusi lake:
zee. Gunia. Miaka thelathini na mbili. Zee.
Barabara nzima hakuna aliyenitukana.
Nilijitosheleza.

Mama Riziki wa chumba cha pili akaniuzia barafu mbili za ukwaju.
Moja nikaifunga gotini kwa kanga.
Ya pili nikaiweka bakulini, nisiiguse:
kitamu, kwa kazi gani niliyofanya?

Ndipo Mishi akabisha hodi.
Mishi, mlinzi wetu, miaka kumi na saba,
aliyeteleza zikibaki dakika tatu.
Macho yamevimba kama maandazi.
"Dada Mejumaa, nimewaangusha. Mpira naacha."

Nikamvuta mkekani. Maneno yakaja yenyewe, sikuyachagua:
Pole, mdogo wangu. Ulichoka.
Hata mashine ya mkonge huzimwa ikipata moto,
sembuse mguu wa mtoto wa mtu.
Umekosa mpira mmoja, hukukosa utu.
Shika hii, kula.

Akala ile barafu ya bakulini,
akapiga kwikwi, akala,
akaondoka midomo imekuwa ya kahawia.

Maneno hayakutoka naye.
Yalibaki pale kama joto la mtu kwenye mkeka.
Nikayauliza: mlikuwa wapi njia nzima?
Ghala langu, ufunguo wangu,
na mimi ndiye niliyelala njaa mlangoni.

Lugha yetu ina utaratibu wake:
ukipewa pole, unajibu nishapoa.
Lakini hiyo ni ya watu wawili.
Anayejipa mwenyewe ajibu nini,
na kwa mdomo upi?

Nikafungua kanga. Barafu ilikwisha,
maji ya ukwaju yamechora mito mpaka kifundoni.
Nikalishika goti kama nishikavyo mpira kabla ya kutupa:
vidole vimetanuka, bila kubana.

Pole, we Mejumaa.

Kimya. Mama Riziki anazima redio.
Aibu ikanipanda, mtu mzima naongea na mguu.
Kesho mazoezi ni alfajiri. Kesho nitalala.

Pole, nikasema tena, polepole.

Sijapoa, goti likajibu.
Rudia.