Mchanga wa Usiku

Nimeuonja.
Ndivyo alivyonifunza marehemu Ngumbao:
usiuamini mchanga kwa macho,
macho huona weupe yakauita usafi.
Chukua chembe, weka ulimini,
tema, halafu sema.

Nikatema. Chumvi.
Mchanga huu haukutoka mtoni,
haukupita mizani ya Mariakani.
Ulichotwa ufuoni, lori limezima taa,
ndani yake bado mna vigae vya chaza
na mguu mmoja wa kaa.

"Fundi, mchanga ni mchanga," asema Shebwana,
simu sikioni, funguo za gari kidoleni.
Wapangaji wa ghorofa ya nne wamekwisha lipa amana
ya vyumba ambavyo sasa hivi ni hewa ya Mtopanga
na kunguru wawili.

Mimi si mhandisi. Mhandisi alikuja mara moja,
akapiga muhuri juu ya boneti,
akaondoka kabla ya chai.
Mimi ni mtu wa timazi na uzi,
wa kugonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza:
ikilia kengele, nashusha pumzi;
ikilia kibuyu, sipati usingizi.

Somoe ndiye ajuaye kwa hesabu.
Huja na debe lake la chuma, mfano wa pia iliyokatwa ncha,
hulijaza zege tabaka tatu,
kila tabaka akalidunga kwa ufito mara ishirini na tano,
kisha hulivua taratibu,
kama amvuaye kofia mtoto aliyelala.
Zege likisimama, hunyamaza.
Likiporomoka kama uji wa mgonjwa, huandika.
Halafu hubeba vijiwe vyake sita, pande zote sawa,
akavilaza kwenye pipa la maji kule Changamwe,
siku saba, siku ishirini na nane,
ndipo huvibana kwa mashine mpaka viseme.
"Kila jiwe lina neno lake la mwisho," huniambia,
"bora nilisikie mimi kabla ya wapangaji."

Siku ya saba vilisema mapema mno.

Wazee wa Mji wa Kale walijenga kwa mawe ya matumbawe,
chokaa, na boriti za mikoko.
Bahari iliwapulizia ukutani miaka nenda miaka rudi;
chumvi iliingia, ikazurura vyumbani, ikatoka.
Haikupata chuma cha kula.
Sisi tumeficha nondo ndani ya nguzo
kama mtu afichaye nyama katika nyumba ya paka.

Na kutu haina haraka.
Huvimba ndani kwa ndani, huomba nafasi.
Kwanza ufa, mwembamba kama unywele;
mwenye nyumba huuziba, akapaka rangi ya waridi.

Najua.
Ipo nyumba Mlaleo, niliisimamisha mwaka niliooa.
Mchanga wake niliuonja vilevile,
nikameza.
Nilimeza kwa ajili ya mahari, ya kodi,
ya kuitwa fundi mkuu na watu walionizidi umri.
Mama yangu anakaa orofa ya chini.
Kila Ijumaa nikienda kumwamkia
natazama dari kabla ya kumtazama uso.
Juzi alifagia vipande vya plasta,
akanionyesha ndani ya kizoleo:
"Mwanangu, nyumba yatoa mba,"
akacheka.
Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Leo nimemwambia Dzombo na wenzake waweke karai chini.
Mashine imezimwa, mdomo wazi.
Shebwana anatafuta fundi mwingine
na atampata kabla ya adhuhuri;
njaa haijawahi kukosa mwiko.

Nami nimempigia Somoe.
Njoo na debe lako, nimesema,
njoo na daftari, andika hata jina langu.
Kisha ukimaliza hapa twende Mlaleo,
kuna nguzo nataka uisikilize,
polepole, bila kuigonga sana.
Mama hataki kuhama.
Ametundika pazia jipya.