Dakika Mbili na Sekunde Kumi na Moja

Halake aliniletea filamu isiyo na sauti
ndani ya kidude kidogo kama punje ya hindi.
"Hapa," akasema, "nataka watu walie."
Kisha akaenda zake Ngara kununua betri.

Nimeitazama mara arobaini.
Mama anakunja shati la mwanawe.
Ukosi kwanza. Kisha mkono wa kushoto.
Mkono wa kulia unamshinda,
anaukunjua, anaanza tena.
Basi. Hakuna anayebisha hodi.

Usiku wa kwanza nilimwaga kila kitu:
fidla kumi na sita, tarumbeta, kinubi,
ngoma kubwa ikinguruma chini
kama lori la mchanga linalopanda Ngong Road alfajiri.
Nilipoupiga muziki pamoja na picha
mama alitoweka.
Likabaki shati tu, likipepea katika kelele zangu
kama bendera ya nchi isiyo na watu.

Usiku wa pili nikampa wimbo wake,
noti saba, tamu.
Asubuhi nikamsikia bawabu akiupiga mluzi
huku anaosha gari la mwenye nyumba.
Nikaufuta.
Huzuni inayokaririwa upesi hivyo
si ya mama huyu.

Nilipokuwa mdogo, Kaloleni, jirani yetu alifiwa.
Wanawake hawakuingia na vilio.
Waliingia na sufuria, wakauliza kiberiti kiko wapi.
Kilio kilikuja baadaye, chenyewe,
kama maji ya mfereji yanavyorudi usiku:
kwanza pumzi,
kwanza bomba linakohoa,
halafu tone.

Usiku wa tatu, basi, niliandika kimya.
Kimya nacho hukaa kwenye mistari mitano,
kina pa kuanzia, kina pa kukomea,
na ukikosea pa kukomea hata mtoto atajua.
Muziki wenyewe: sekunde ishirini na tatu.
Sijui ankara nitaiandikaje.

Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Kariokor.
Bajeti imetupa wapigaji tisa;
tutawarekodi mara mbili wawe kumi na wanane,
mazingaombwe ya maskini.
Nyundo za Gikomba: tunasubiri.
Adhana ya Pumwani: tunasubiri.
Mzee Ligale, mstaafu wa bendi ya polisi,
amekumbatia selo iliyogundishwa ubavuni.
"Mimi naingia wapi?"
"Anapouanza tena ule mkono wa kulia."
"Na kabla ya hapo?"
"Unamtazama."

Dakika moja, sekunde arobaini na nane,
watu tisa, pinde hewani, na hakuna anayepiga.
Nilisikia kiti kikilalamika.
Nilisikia kucha za njiwa juu ya mabati.
Kwenye skrini mama akaukunjua mkono wa shati
na Ligale akaingia, chini kabisa,
noti moja, si safi, ina mchanga ndani yake,
na wale wanane wakamfuata polepole
kama watu wanaovua viatu mlangoni.

"Turudie," akasema. "Nilitetemeka."

Nikageuka kumuuliza Halake.
Alikuwa amesimama kando ya kreti ya soda.
Hakulia.
Alikuwa na kofia yake mkononi,
anaikunja,
anaikunjua,
anaanza tena.