Mchoro wa Barafu

Walinipa kiti chini ya feni isiyozunguka,
chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, Igogo.
Dirishani korongo wanne juu ya paa la stoo ya mapanki
wamesimama kama wajumbe wa bodi.

Tatizo ni madereva, alisema Mkurugenzi Lugata.
Tatizo ni wavuvi, alisema mkuu wa ununuzi,
wanatuletea sangara macho yameshazama kichwani.
Mhasibu, Bi. Nyanzobe, hakusema kitu.
Alikuwa anatia saini hundi, kitabu kikiwa mapajani.

Kila mmoja alikuja na kidole
na kila kidole kilikuja na mtu wake.
Mimi nilikuja na kalamu ya bluu.
Sikuuliza nani. Niliuliza: kisha?

Samaki wakilegea, kisha?
Tunawakataa mizanini.
Mkiwakataa, kisha?
Minofu inapungua, kontena linaondoka nusu.
Likiondoka nusu?
Fedha inakuwa nyembamba.
Fedha ikiwa nyembamba?

Kimya. Hapo ndipo Nyanzobe alipoinua uso.
"Tunawaambia mawakala wasubiri.
Zamani walingoja siku saba. Sasa arobaini."

Na wakala wa Kome aliyengoja siku arobaini
anapakia barafu kiasi gani?

Hakuna aliyejibu. Nilivuta mshale wa mwisho
ukaenda kuuma mkia wa mshale wa kwanza,
na feni haikuzunguka, lakini ubaoni kitu kilizunguka:
duara lisilo na mlango
wa kumtolea nje mwenye hatia.

Lugata alilitazama kama mtu anayetazama hirizi.
"Kwa hiyo tuwafukuze madereva wawili, au?"
Mwaka jana mliwafukuza wangapi?
"Watatu."
Samaki wakapona?
Nje, korongo mmoja alibadilisha mguu.

Niliwaeleza habari ya kuchelewa.
Barafu inapunjwa Jumatatu, gizani, kisiwani,
mkono ukisitasita juu ya kibonge cha mwisho.
Uozo unafika mizanini Alhamisi, mchana kweupe,
mbele ya mpima uzito ambaye hajawahi kufika Kome.
Jumatatu inakosa, Alhamisi inachapwa,
na wiki inayofuata tunanunua fimbo nyingine.

Hapo nilijiona nimesema vizuri.
Nilifunga kalamu.

"Na wewe?" aliuliza Nyanzobe.
Mimi nini?
"Nikuchore wapi?"
Akakiweka kitabu cha hundi mezani, wazi.
Jina langu. Milioni kumi na mbili.
Tarehe ya leo, wino haujakauka,
mbele ya mawakala thelathini na mmoja.

Sijui kama alikuwa ananidhihaki.
Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma salio.

Nilifungua tena kalamu. Kutoka kwenye neno FEDHA
nikachora mshale mdogo, wa aibu, kuja kwangu,
na kwa sababu mshale hauruhusiwi kufia njiani
niliuendeleza hadi BARAFU, nikaweka alama ya kutoa.
Kisha nikasema, kwa ushujaa wa mtu aliyekula asubuhi,
nilipe kama wao. Siku ya arobaini.

Lugata alicheka. Nyanzobe hakucheka.
Alichana hundi, akaandika nyingine, akairudisha droo.

Leo ni siku ya thelathini na tatu.
Mwenye nyumba wa Nyamanoro amepiga simu mara mbili.
Ripoti ya kiwanda kile niliahidi kurasa hamsini,
nimeandika ishirini, nimepanua mistari.
Jedwali la nne sikulihakiki.
Wateja wapya nawajibu kwa neno moja.

Hakuna anayeona kitu bado.
Nipo kisiwani kwangu, gizani,
mkono juu ya kibonge cha mwisho,
na Alhamisi iko njiani.