Kuku Hawaruki

Saa tano usiku, Kabete.
Mutheu amelalia mikono yake mezani,
chai imeshika utando,
nami nawarusha kuku.

Si kuku wenyewe. Hao tuliwakuta wamepinda shingo,
Burma, Kawangware, Githurai,
kinyesi cha kijani mkiani, macho nusu.
Tulipitisha pamba kooni, tukaandika namba,
tukafunga kizibo. Kideri.
Kilichobaki ni herufi nne
zilizojipanga elfu kumi na tano kwa mstari,
na kila mstari nimeupa mbawa.

Sheria ni tatu, hata mtoto angezishika:
usimgonge jirani,
elekea anakoelekea,
usiachwe nyuma.
Ya nne nimeiongeza mimi:
mfuate aliye wa damu yako tu,
asiye wako mpishe.

Hakuna kiongozi, hakuna king'ora mbele ya msafara.
Nukta mia mbili na sita
zimezagaa kwenye kioo kama mtama uliomwagika,
halafu, sijui ni dakika gani hasa,
kundi linajikunja, linajitenga,
jingine linalipita bila kuligusa.
Waliosema ndege wafananao huruka pamoja
hawakujua tungeipigia methali hesabu.

Ila mia moja kumi na saba hana kwao.
Lebo yasema Githurai, banda la Bi Wangeci.
Kundi la Githurai linamkaribia, linampisha.
La Burma linampisha.
Azunguka pembeni,
nami, mwenye digrii mbili, naionea nukta huruma.

Saa saba kasoro anageuka.
Kundi la Kitengela linampokea,
linamfunika, simwoni tena.

Kitengela!
Basi aliivuka Nairobi nzima kichwa chini,
miguu imefungwa sisali,
nyuma ya pikipiki, kabla askari wa kanjo hawajaamka.
Na Bi Wangeci alituapia
kwamba alianguliwa kwake, chini ya kitanda.
Sikumwita mwongo. Ilikuwa Januari,
na sare mbili mpya zilining'inia mlangoni.

Namwamsha Mutheu. Anafikicha macho, anatazama sana.
"Mmoja tu?" anauliza.
Mmoja tu.
"Usimpigie mtu simu kwa sababu ya mmoja."

Kweli. Nafuta kioo.
Nawatawanya upya, kila mmoja mahali pengine,
nione kama watatafutana tena.