Mpangaji wa Upanga

Jina lake huandikwa Niamh, husomwa Niivu.
Mimi, mpiga chapa mstaafu wa Hazina,
nilidhani ni kosa la mashine.

Mwaka mzima mama yake alimwandikia:
nyumba mpya mtaa mzima, nyasi hadi mlangoni, hakuna mtu;
kaka kaenda Australia na mwiko wake wa uashi;
padri hasalimiwi tena sokoni.

Novemba, umeme umekatika,
akaingia jikoni, redio kifuani:
"Wamefika Dablini. Shirika la Fedha."
Wana mikoba myeusi? nikamuuliza.
Wanasema kaza mkanda, na vitambi vyao je?
Akacheka. Kicheko kikageukia njiani,
kikarudi kilio.

Sikuwa na pole ya Kiayalandi.
Nikafungua sanduku, nikamtolea kadi ya duka la kaya,
themanini na tatu: sukari kilo, sabuni nusu mche,
na mistari mitupu ya siku nilizorudi na kikapu tu.

Akaisoma kwa mshumaa, taratibu,
kama barua nyingine ya mama.
"Yaliisha lini haya?"

Nikafunua sufuria.
Maharage yalikuwa bado magumu.