Inaomba Njia

Nimebonyeza. Taa ya kijani ikawaka,
feni ikazunguka mara tatu, ikaghairi.
Kioo cheusi.
Mama, mkekani na ungo wa karanga, hakuinua kichwa.
"Imekufa?"
"Bado."
"Basi usiizike."

Ni kompyuta ya baba, ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
aliyouziwa stesheni walipoondoa vifaa chakavu,
akaileta Isevya juu ya mkokoteni wa magunia
akiishikilia kwa mikono miwili kama mgonjwa.
Miaka minne sasa imefunikwa kitambaa cha kufuma.
Leo inatakiwa. Ndani yake mna daftari la chama cha kuzikana,
na Mama Nyamizi wa nyumba ya tatu ameapa mbele ya watu
kwamba hadaiwi hata senti.

Tena.
Mlio mrefu. Kimya. Mlio mrefu. Kimya.
Baba angetega sikio moja, kalamu juu ya la pili,
karani wa mizigo miaka ishirini na sita:
"Hiyo haijagoma. Inaomba njia.
Treni ikipiga honi nje ya stesheni usiitukane,
kamtafute aliyelala na bendera."

Nikafungua skrubu nne kwa kisu cha mezani.
Ya tano imeliwa kichwa; nikaiacha, nikapinda bati.
Ndani: vumbi jekundu la viangazi vingi,
bawa la mende,
njiti ya kiberiti (ya nani?),
na juu ya feni nyigu kajenga
kijumba cha udongo, vyumba vitatu, halipi kodi.
Nikambomolea bila notisi.

Nikachomoa kijiti cha memori,
meno yake ya dhahabu yamefifia.
"Mihayo, lete raba yako."
"Ya shule?"
"Ya shule."
Nikasugua taratibu, kama mtu anayefuta jibu
bila hakika kwamba lilikuwa kosa.
Nikapuliza. Nikarudisha. Kikasema: ta.

Mlio mmoja. Mfupi.
Njia imetolewa.

Maandishi meupe yakapanda, mashine ikahesabu kumbukumbu zake
polepole, kama mdaiwa anayehesabu noti mbele ya mkopeshaji,
kisha ikasimama:
betri imekwisha nguvu, saa imepotea.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na mbili,
saa sita usiku na dakika tatu.

Nikakaa naitazama.
Siku hiyo baba ana meno yote.
Siku hiyo mimi nimesukwa twende kilioni,
nimekandamiza kidole kwenye B
na B zinakimbia hadi mwisho wa ukurasa
na hakuna anayenigombeza.
"Mama, nisiirekebishe?"
"Rekebisha." Akapepeta. "Deni halihesabiwi kwa tarehe ya uongo."

Betri yenyewe ni ile ya duara, kama sarafu;
kesho nitamuuliza fundi saa wa sokoni.
Leo nimeandika tarehe kwa mkono
na kuiomba mashine iamini.

Diski ikakwaruza kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Daftari likafunguka.
Mama Nyamizi: amelipa. Amelipa. Amelipa.
Mpaka mwezi ule baba alipolazwa.
Nikashuka mstari kwa mstari, natafuta mdaiwa,
nikamkuta chini kabisa, mweka hazina mwenyewe:
Machi, hajalipa. Aprili, hajalipa. Mei, hajalipa.
Kajiandika kwa herufi zile zile alizowaandikia wengine.

Nikasoma kwa sauti. Mama akaacha ungo.
Akacheka, kwanza kwa mabega tu,
kisha akafungua pindo la khanga,
akahesabu elfu tisa, akahesabu tena,
akatafuta kandambili.
"Usiizime," akasema mlangoni,
"mpaka nirudi uandike."

Nikageuka kutazama mita ya luku ukutani:
sifuri nukta nne.