Safu ya Waliochelewa

Kwenye daftari langu la darasa la tano,
hapa Kilembe, chini ya mgodi ulionyamaza,
kuna safu niliyoichora mwenyewe kwa rula:
Waliochelewa.
Mbambu ameijaza kuliko wote.

Muhula mzima nilimpa ufagio.
Afagie ua, toka langoni hadi kwenye kibao
kilichopigiliwa misumari mkalitusini:
SHULE YETU NI MAHALI SALAMA.
Alifagia vizuri. Hakuteta.
Nikajisemea, huyu atanyooka.

Ukaja mtihani wa hesabu.
Magunia ya kahawa, sawa. Mbuzi wa jirani, sawa.
Swali la sita: Baba amerudi nyumbani na shilingi elfu nane.
Tupu.
Swali la kumi na moja: Baba amegawa viazi.
Tupu.
Kalamu nyekundu ikasita hewani.

Nikalifungua tena daftari.
Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu.
Na kila kesho yake
kiwanda cha saruji kikilipa mishahara.

Sikumwita ofisini. Ofisini kuna fimbo nyuma ya kabati,
ilipigwa marufuku lakini haijahama,
na watoto wanajua.
Nilimwomba tuchambue maharage ya mchana.
Vidole vikapata kazi, macho yakapata pa kutua.
Sinia lilipofika nusu akasema:
“Huwa nangoja alale kwanza.
Nikitangulia kutoka,
hakuna wa kupiga kelele.”

Akatoa kijiwe, akakiweka kando.

Mkuu wa shule alisema mambo ya chumbani
hayapigiwi kengele.
Bi Kabugho, mlezi wa wasichana, hakumjibu;
alikuwa ameshachukua mwavuli.
Kwa mwenyekiti wa kijiji hatukupita,
maana chupa yake na ya baba mtu ni moja.
Tuliteremka mpaka kwa afisa wa ustawi, Kasese mjini,
tukakaa kwenye benchi saa nne nzima,
mimi na karatasi yenye tarehe,
tarehe nilizoziandika kama mashtaka
dhidi ya mtoto.

Mama yake alikuja mara moja.
Alisimama langoni, kitenge kimefunika shingo,
akauliza karo imebaki ngapi,
akaondoka.

Safu nimeibandika karatasi nyeupe.
Ukiinua ukurasa kwenye mwanga
alama bado zinasomeka, ishirini na tatu,
na mwandiko ni wangu.

Leo Jumatatu. Saa mbili na nusu.
Ufagio uko stoo.
Kiti cha pili dirishani kiko wazi,
na mimi majina
sijaanza kuyaita.